Mwajuma Alivyolilia Basi la Shirika

Mwajuma Mchopa alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kulima mihogo na kuokota korosho, kama kila mtu mwenye mikono upande wa Mpapura, na hiyo hakuna aliyemsifu nayo. Ya pili ilikuwa kuwalilia Wayao. Hapo, jamani, hakuwa na mpinzani.

Asiyejua mambo haya asinune, nitamweleza. Mmakonde na Myao ni watani. Myao akifiwa, watani zake Wamakonde ndio wanaokuja kumvurugia msiba, na wasipokuja anaona amedharauliwa. Mtani anaingia uani amevaa kofia ya marehemu, anakohoa kama marehemu, anawataja wanawake wa marehemu mbele ya mjane, anakamata kuku, anajilaza mlangoni jeneza lisitoke mpaka apewe anachokitaka. Na mfiwa, hata kama roho inamwuma, hana ruhusa ya kukasirika. Akikasirika tu, kajivua nguo mbele za watu. Masheikh walikuwa wakiguna kwamba mambo hayo hayamo katika dini. Lakini sheikh mmoja wa Kiyao, siku alipofiwa na mama yake, alimtuma mtu mbio akamwulize Mwajuma mbona kachelewa.

Mwajuma alikuwa mwanamke mfupi, mnene, mwenye sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya bonde. Aliolewa mara mbili, akaachika mara mbili, na talaka zote alizisimulia mwenyewe kwa kuigiza: yeye ndiye mke, yeye ndiye mume, yeye ndiye mama mkwe mlangoni na mkeka kichwani. Watu walishika mbavu. Lakini mchekeshaji huyo huyo alikuwa na jambo moja ambalo hakulifanyia mzaha hata siku moja, nalo lilikuwa binti yake, Farida.

Farida alikuwa mtoto wake pekee. Mwaka uliotangulia kisa hiki, uchungu wa mimba yake ya kwanza ulipomshika, nesi wa zahanati alisema mtoto amekaa vibaya, mama apelekwe hospitali mjini Mtwara upesi. Wakamchukua mpaka kituoni kungoja basi la Shirika. Walingoja tangu asubuhi. Basi halikutokea, wala hakuna aliyewaambia kwamba halitatokea. Jua lilipoanza kushuka walimpakia kwenye baiskeli, mumewe akisukuma, na kabla hawajaifikia barabara kubwa mtoto alizaliwa kichakani. Alilia mara moja, akanyamaza. Mwajuma alimkunja ndani ya kanga yake akarudi naye nyumbani, na tangu siku hiyo alipokuwa akipita kile kituo alikuwa akitazama upande mwingine.

Sasa, katika huo mwaka wa 2003 ninaousimulia, Farida alikuwa na mimba nyingine na mwezi wake ulikuwa umeingia. Nesi alisema yale yale: huyu asijifungulie kijijini, aende mjini akasubirie huko huko hospitali. Maneno mazuri kabisa. Lakini aende na nini? Malori ya korosho hupita msimu wa korosho, na msimu ulikuwa bado. Furushi la Farida lilikuwa limefungwa kitambo, limekaa karibu na mlango, na kila uliposikika mngurumo Mwajuma alikuwa wa kwanza kufika barabarani. Mara nyingi ilikuwa ni mashine ya kusaga.

Na basi la Shirika je? Hapo ndipo utamu ulipo.

Shirika la Usafiri Mwambao lilikuwa na basi moja tu kwa njia ya Mpapura. Basi hilo lilikuwa gereji mjini, nyuma ya ofisi za Shirika lenyewe, limepandishwa juu ya mawe, injini iko chini imefunikwa gunia, na kuku wa mlinzi walitagia kwenye kiti cha dereva. Si siri. Kila aliyekwenda mjini kuuza mihogo alilichungulia, akarudi akiwasimulia wenzake hali ya mgonjwa.

Meneja wa Shirika aliitwa Zuberi Kalanje, Myao wa Tunduru, mtu wa tumbo na vicheko, anayekusalimu kwa mikono miwili na kukuuliza watoto. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililokuwa likiudhi. Mtu mbaya unamchukia ukalala. Zuberi alikuwa anakuambia "tunalishughulikia" kwa uso wa huruma kiasi kwamba unarudi nyumbani ukimwonea yeye imani, na safari umeikosa.

Basi lisafiri lisisafiri, mwaka huo ulikuja waraka: mashirika yote ya umma yawasomee wananchi mapato na matumizi, uwazi uwe ndiyo mwendo. Shirika liliupokea waraka kwa mikono miwili, maana ulikuja na fungu lake. Kwanza ilifanyika semina ya uwazi, ya siku tatu, mlango umefungwa na askari nje. Halafu likatengenezwa Ubao wa Uwazi, wa mninga mtupu, una kioo na kufuli, ukatundikwa ukumbini. Baadaye ilionekana jua litafubaza maandishi, ukashonewa pazia. Mwenye ufunguo wa kufuli alikuwa likizo, na mwenye ruhusa ya kufungua pazia alikuwa safarini kwenda kujifunza uwazi mikoa mingine. Mwisho kabisa zikachapishwa fulana nyeupe zilizoandikwa UWAZI kifuani, na ziara za vijijini zikapangwa.

Ndivyo ilivyokuwa kwamba siku moja ya Jumamosi, saa nane mchana, Shirika la Usafiri liliwasili kijijini kwa kina Mwajuma kueleza habari za basi lake, likiwa limepanda Land Rover ya kukodi.

Land Rover ilikuwa ya Mauricio, Mmakonde wa ng'ambo ya Ruvuma aliyehamia Mtwara zamani, na yeye mwenyewe ndiye aliyeiendesha. Ndani walikuwemo Meneja Zuberi, wanakamati wanne wa fulana, sufuria mbili za pilau, na mwanamke mwembamba wa miwani aliyeitwa Veronika. Huyu Veronika alikuwa afisa kutoka wilayani, kaletwa kuandika muhtasari ili ijulikane kwamba mkutano ulifanyika. Alikuwa mgeni katika kazi hiyo, na bado alikuwa na tabia ya kuandika kila kitu anachokisikia.

Mwajuma alikuja mkutanoni kwa sababu moja tu: aliona gari. Alimwacha Farida kitandani, akaketi mbele kabisa, macho yake hayakutoka kwenye zile tairi.

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Sudi, alifungua mkutano kwa dua ndefu, huku pua za watu zikifuata pilau. Halafu Meneja akasimama, akakohoa, akafungua jalada.

"Ndugu wananchi, leo Shirika lenu linakaa uchi mbele yenu," akaanza. Wazee wakashtuka kidogo. "Basi la njia ya Mpapura, katika mwaka wa fedha uliopita, limetoa huduma kila siku. Asubuhi kupita hapa kwenda mjini, na saa kumi jioni kupita hapa kwenda mjini tena. Bila kukosa."

Watu walitazamana. Bibi mmoja aliuliza kwa sauti ya chini kama kuna Mpapura nyingine.

Meneja akaendelea kusoma. Ikasomwa dizeli. Zikasomwa tairi mpya, kisha tairi nyingine mpya za kuzipokea zile za kwanza. Ikasomwa posho ya kikao cha kupunguza posho. Likasomwa fungu la dharura zilizotarajiwa. Na mwisho kabisa, kwa haraka, kama mtu anayepita makaburini, likasomwa fungu lililoitwa Mengineyo, na hilo peke yake lilikuwa limezidi dizeli na tairi kwa pamoja. Wanakamati wanne wakapiga makofi.

"Maswali," akasema Mzee Sudi, akitumaini hayatakuwepo.

"Maswali yote yaandikwe," Meneja akadakia, "yaletwe ofisini mjini siku za kazi. Tutayajibu kwa maandishi."

"Tuyalete kwa nini, Meneja?" akauliza mtu nyuma. "Kwa miguu?"

"Kwa usafiri wa umma."

Kicheko kilichopasuka hapo kiliwafanya hata kuku wakimbie. Veronika akainua kichwa, akauliza kwa upole neno la mwisho lilikuwa lipi, akaliandika.

Mwajuma alisimama. Hakucheka na wengine. "Bwana Meneja, mimi hesabu sizitaki, kuleni salama. Nataka kujua basi linakuja lini. Nina binti yangu ndani, mwezi wake umeingia, na nesi kasema asizalie hapa."

"Mama, pole sana," akasema Zuberi, na uso wake ukajaa ile huruma yake. "Suala la basi liko kwenye mchakato."

"Semeni limekufa tujue moja!" mtu akapaza sauti.

Sasa hapa Zuberi Kalanje alifanya kosa ambalo mtu wa kutoka Bukoba au Moshi asingelifanya, kwa kuwa asingekuwa na njia ya kulifanya. Aliiona miwani ya Veronika imemgeukia. Akaona upepo unabadilika. Akataka kuwachekesha watu, mambo yapite. Akaweka mikono kiunoni, akasema kwa sauti ya msibani:

"Nani kasema limekufa? Mimi Myao, ninyi Wamakonde watumwa wangu nawajua! Basi langu lingekufa, watani zangu si mngeshakuja kulia? Mbona sikuwaona?"

Mzee Sudi akafumba macho. Weee! Mtu mzima, Myao wa kuzaliwa, kakulia misibani, anawauliza Wamakonde mbona hawakuja kulia, na Mwajuma Mchopa kaketi mbele yake! Viyoyozi vya ofisini vilikuwa vimemharibu huyu mtu.

Mwajuma aliifungua kanga yake ya mabegani, akaifunga kiunoni, taratibu, bila haraka yoyote.

"Tusamehe, mfiwa," akasema. "Habari zimetufikia leo."

Kisha akajitupa chini. "Yeleleeee! Basi letu weeee! Umetuacha na nani weeee!"

Wanawake wote wakaitikia. Vilio vilipanda mpaka watu wa mashambani wakaacha majembe, wakaja mbio kuuliza nani kafa. Kufumba na kufumbua mkeka ulikuwa umetandikwa, Meneja ameketishwa juu yake miguu kanyoosha kama mfiwa, kofia yake imehamia kichwani mwa Mwajuma, na Mwajuma kashika mfuniko wa sufuria ya pilau, anauzungusha kama usukani.

"Marehemu tulimjua!" akatangaza, akikanyaga breki. "Alipokuwa mzima alikuwa mtu wa adabu. Anakunywa dizeli kidogo, anakohoa, anafika. Kufa tu, ndipo ulafi ukamwingia! Maiti gani hii, jamani, inayokunywa pipa kwa pipa?"

"Hatujaiona!" wakaitikia.

"Na viatu! Tairi mpya, tairi mpya, tairi mpya, na miguu yake yenyewe ni mawe. Viatu hivyo, mfiwa, anavivaa nani mjini?"

Zuberi alicheka. Alipaswa kucheka, na mwanzoni alicheka kweli, tumbo likimtikisika.

"Tena marehemu alikuwa mcha Mungu wa kupindukia," Mwajuma akaendelea, sasa ameinamisha kichwa kama anayehutubia. "Asubuhi yupo Mpapura, jioni yupo Mpapura, na gerejini hajatoka! Kuku wanataga juu yake, naye yuko safarini! Masharifu wangapi wamefikia daraja hilo?"

Hata Mzee Sudi alikuwa anafuta machozi. Mauricio alikuwa kajilaza juu ya boneti ya gari lake, mabega yanatetemeka.

"Ila lipo moja linaniuma, mfiwa, niambie wewe. Huyu Mengineyo ni nani? Mke mdogo wa marehemu? Maana mke mkubwa, bibi Dizeli, tunamjua. Huyu mdogo hatukualikwa harusi yake, na amekula kuliko mkubwa!"

Hapo kicheko cha Meneja kilianza kukauka. Alimtazama Veronika. Veronika alikuwa ameshacheka mpaka miwani imeshuka puani. Sasa aliipandisha, akafungua ukurasa mpya.

"Bwana Meneja," akauliza, "haya niyaandike kama maoni ya wananchi?"

"Afisa, huu ni utani tu. Mila zetu."

"Ndiyo, naelewa. Ni kwamba sijakusikia ukikanusha."

Zuberi akafungua mdomo. Kukanusha kulikuwa ni kukasirika, na kukasirika kulikuwa ni kuvunja msiba, na kijiji kizima kilikuwa kimeinama kikisubiri akasirike. Akaufunga mdomo, akajikaza kisabuni, akatabasamu meno yote.

"Mtani, umenilia vizuri," akasema, akijaribu kuinuka. "Chukua pilau yote. Sisi twende, njia ni mbovu."

Alikuwa hajafika kwenye Land Rover alipomkuta Mwajuma keshalala chini mbele ya tairi, mikono kifuani, macho kayafumba.

"Jeneza halitoki," akasema kutoka huko chini.

"Haya, mtani. Unataka nini? Kuku?"

"Sitaki kuku."

"Kitenge cha kushona?"

"Sitaki kitenge. Nataka gari hili limpeleke Farida hospitali. Sasa hivi."

Utani ulikuwa bado mdomoni, lakini sauti ilikuwa imebadilika, na waliomjua waliisikia. Zuberi akakuna shingo. Huruma yake ilikuwa ya kweli, masikini, ila siku zote ilipenda kukaa kwenye kiti.

"Mtani, ningependa sana. Lakini sisi sita tutarudi mjini na nini?"

Mwajuma akaketi kitako palepale mavumbini. Akamtazama kwa mshangao wa mtu ambaye hajawahi kusema uwongo maishani mwake.

"Kwani basi lenu si linapita hapa saa kumi kila siku, bila kukosa? Umetusomea mwenyewe. Saa kumi si mbali. Twende kituoni, mfiwa, mkalipande. Na huyu Afisa akalione."

Hakuna aliyecheka. Walikuwa wanataka kusikia. Zuberi alitazama jalada lake, akatazama miwani ya Veronika, akatazama barabara. Kusema basi halitakuja kulikuwa ni kulichana jalada lile mbele ya wilaya. Na kumnyima mtani alichokitaka mbele ya jeneza, Myao gani angethubutu kurudi Tunduru na habari hiyo?

"Lichukueni," akasema.

Mauricio alikuwa ameshawasha. Utani ulimhusu na yeye, na gari lilikuwa lake. Farida alitolewa ndani, kashika kiuno, shangazi yake nyuma na lile furushi, wakapandishwa kiti cha mbele kilichokuwa cha Meneja. Mwajuma alimshika binti yake shavu kupitia dirishani.

"Mama, huji?"

"Nitakuja kesho kwa miguu kama hapana budi. Nikiondoka mimi, hawa watamfuata Mauricio mbio wakamrudishe. Nenda, mwanangu. Nenda, nenda."

Gari likaondoka, na vumbi likawapaka fulana za UWAZI rangi ya udongo.

Ikabaki kungoja basi. Kituo kilikuwa nguzo moja yenye bati la kutu, na wajumbe wa Shirika walijipanga chini yake na majalada yao mapajani. Wanakijiji nao hawakuwatupa. Walileta mkeka, wakaleta maji kwenye kata, wakawapa pole. Kila aliyepita alisimama, akatazama barabara, akauliza kwa heshima, "Bado?" Meneja akajibu, "Bado kidogo."

Saa kumi ikafika, ikapita.

"Labda pancha," akasema Zuberi.

"Na zile tairi zote mpya?" akauliza Mzee Sudi, kwa masikitiko.

Baadaye Zuberi akasema labda abiria ni wengi. Baadaye tena akasema labda dereva anaswali. Veronika aliandika pancha, abiria, na sala, kila moja kwa saa yake. Wanakamati wawili walikuwa wamesinzia. Mmoja alivua fulana yake, akaigeuza ndani nje, akaivaa tena.

Mwajuma alikuwa ameketi mkekani karibu na Meneja, kama inavyompasa mtani kukaa na mfiwa, na kofia bado iko kichwani mwake. Watu walidhani anaufaidi ushindi wake. Wapi! Alikuwa anaogopa. Hakuwa ameketi mahali pale tangu siku ile ya baiskeli. Kila dakika masikio yake yalikuwa yanamtafuta Mauricio: gari limezama mchangani, gari limekwisha mafuta, uchungu umemshika njiani, hospitali wamemwambia arudi kesho. Alikuwa akimwomba Mungu kimoyomoyo na huku akimwambia Meneja, "Usikate tamaa, mfiwa, linakuja."

"Mtani," Zuberi akamnong'oneza, "niondolee aibu hii. Mimi nimekupa gari."

"Umenipa. Mungu akulipe. Ngoja basi."

Jua lilikuwa linagusa mikorosho walipoliona vumbi. Watoto wakaanza kuruka, "Linakuja! Linakuja!", na ajabu ya Mungu, Zuberi Kalanje mwenyewe akasimama, akatazama kwa matumaini. Ilikuwa Land Rover. Mauricio alishuka kabla injini haijazima vizuri.

"Wamempokea!" akapaza sauti. "Daktari kamwona papo hapo. Kweli mtoto kakaa vibaya, wamesema watampasua kesho asubuhi, mama na mtoto wote wazima. Kapewa kitanda, Bi Mwajuma. Nimekiona kwa macho yangu."

Mwajuma akabaki mkekani akisema alhamdulillahi, alhamdulillahi, kama mtu aliyesahau maneno mengine yote. Na mimi, msije mkakaa roho juu, nawaambia hapa hapa: Farida alipata mtoto wa kiume, mzima, mwenye sauti ya bibi yake.

Wanakamati walishaanza kugombea viti. Zuberi akakung'uta suruali, akapumua kwa mara ya kwanza tangu mchana.

"Mtani, msiba umekwisha?"

"Umekwisha," akasema Mwajuma. Akainuka, akaivua ile kofia, akaipangusa vumbi, akamvika mwenyewe. Akamfungulia mlango wa gari. Hakuwa tena na kitu cha kumdai, na Zuberi alikuwa huru kwenda zake.

Alikuwa keshapandisha mguu mmoja Mwajuma aliposema, "Sasa nakuuliza si kwa utani."

Meneja akageuka.

"Mwaka ule uliotusomea una siku moja ndani yake. Ilikuwa Jumanne, mwezi wa Rajabu. Tuliketi hapa hapa ulipoketi wewe leo, mimi na Farida, uchungu umemshika. Tulikaa tangu asubuhi. Kila vumbi tulisema ndilo hilo. Ikafika jioni tukaondoka naye kwa baiskeli, na mjukuu wangu akafa njiani." Hakuwa analia. Aliyasema polepole, asikose hata moja. "Taarifa yako inasema siku hiyo basi lilikuja. Inasema kila siku, bila kukosa. Nataka uniambie wewe kwa mdomo wako. Lilikuja, mimi nikawa sikuliona?"

Mauricio akazima injini. Zuberi Kalanje alibaki vilevile, mguu mmoja juu, mmoja chini. Alitafuta ule uso wake wa huruma, asiupate. Angeweza kusema mchakato. Angeweza kuingia tu garini, hakuna ambaye angemzuia. Alitazama lile bati la kutu, kisha akaushusha mguu.

"Halikuja, mama," akasema. Hakumwita mtani. "Halikuja siku hiyo, wala mwaka mzima ule. Lilikuwa limekufa."

Kalamu ya Veronika ilikuwa imesimama. Alipitisha kidole kwenye fomu yake ya muhtasari, mstari kwa mstari, mpaka chini.

"Niliandike hilo, Bwana Meneja?"

"Liandike."

"Kwenye fungu gani?"

Mwajuma ndiye aliyejibu, na sauti yake ile ya kuita ng'ambo ya bonde ilikuwa haizidi ya mtu anayembembeleza mtoto.

"Popote penye nafasi, mwanangu. Ila jina la mtoto liwepo. Aliitwa Latifa."